Usifute WAV kwa Sababu ya Nafasi

Wiki iliyopita nilikesha geto kwangu Kihonda nikijaribu kusafisha sauti ya bibi yangu. Nimeshindwa, na kosa ni langu mwenyewe.

Bibi alikuwa mwimbaji wa ngoma kule Matombo, Uluguruni. Nikiwa mwaka wa kwanza niliazima maiki nzuri nikamrekodi nyimbo tatu. Kompyuta ilipojaa, nikazigeuza zote kuwa MP3 ya kbps 128, nikafuta WAV. Nikajiona mjanja: faili la MB 40 limebaki MB 4!

Bibi hayupo tena. Sasa nataka kuweka mdundo chini ya sauti yake, lakini kila nikiipandisha kidogo, makofi yanakwaruza kama yanatokea ndani ya debe. Nikaigeuza ile MP3 irudi WAV. Faili likanenepa, sauti ikabaki ileile. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndivyo MP3 inavyofanya kazi. Inatupa zile sauti ambazo sikio haliwezi kuzing'amua kirahisi, ili faili liwe dogo. WAV haitupi kitu, ndiyo maana kwa ubora wa CD inakula karibu MB 10 kila dakika.

Najua wenzangu mtasema: "Mwana, msikilizaji yuko kwenye daladala na spika ya simu, atajua tofauti?" Hatajua. Kwa MP3 ya kbps 320 hata mimi na hedifoni zangu nabahatisha tu. Kwa kusikiliza, MP3 inatosha kabisa. Hoja yangu ni kazi inayofanyika kabla wimbo haujamfikia msikilizaji. Ukinitumia vokali kwa MP3, nikamiksi nikatoa MP3, mwingine akaongeza gitaa akatoa MP3 tena, wimbo umebanwa mara tatu kabla haujatoka. Halafu tunailaumu maiki.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: rekodi na miksi kwa WAV. Nafasi ikibana, hamishia kwenye FLAC. Faili hupungua mara nyingi hadi karibu nusu, na ukilifungua sauti inarudi yote. MP3 iwe ya kumwonjesha mtu wimbo. Na ukituma vokali kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, usiirekodi upya kama ujumbe wa sauti. Ndiyo, bando litaliwa. Basi njoo geto na flashi, tunakaa mtaa mmoja.

Huu ni mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Amefariki tangu 1979, na bado tunamsikia kwa sababu kuna watu walitunza tepu na santuri. Sisi tuna kwaya, tuna marapa, tuna watu wa ngoma hapa chuoni. Wakihitimu, kazi zao zinabaki wapi? Kwenye simu ambayo kesho itaibiwa?

Naiomba serikali yetu ya wanafunzi itenge hadi diski moja tu ya kuhifadhia, ikae ofisini, na kila kikundi kinachorekodi kipeleke nakala halisi. Haiwezi kuzidi gharama ya bonanza moja.

Na wewe ambaye babu au bibi yako bado anaimba, likizo hii nenda kamrekodi. Ukirudi, usifute.