Sensei, Sifu ama Grandmaster? Usichezwe na Cheo Kabla Hujajua Maana Yake

Ingia TikTok ama Facebook sai, tafuta mafunzo ya karate Nairobi. Ndani ya dakika mbili utakuwa umepatana na Sensei, Shihan, Sifu, Master, Grandmaster, na ukiwa na bahati, Soke mmoja. Wengine hawajagonga hata miaka 35 lakini bango linasema dan ya 9, na mkanda umeandikwa maandishi ya dhahabu hadi nafasi imeisha.

Swali ni moja tu: nani aliwapea hizo majina?

Hii si udaku wa mikanda, wasee. Kuna mathe anatoa doh kila mwezi ndio binti yake ajue kujilinda. Kuna kijana ameshawishiwa alipie gredi za haraka haraka awe black belt, ati kazi ya ubaunsa itajileta. Wote wawili wameamini neno lililoandikwa kwa bango. So wacha tuchambue hizi vyeo moja moja, uzijue kabla utoe mia tano yako.

Hata Putin alikuwa dan ya 9

Tuanzie juu kabisa. Novemba 2013, World Taekwondo, shirika linalosimamia taekwondo ya Olimpiki, lilimpa Vladimir Putin black belt ya heshima, dan ya 9. Februari 2022 Urusi ikavamia Ukraine, na siku nne tu baadaye shirika likamnyang'anya. Halafu kuna Donald Trump. Novemba 2021, kiongozi wa Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo kule Seoul, alimpelekea dan ya 9 ya heshima hadi nyumbani kwake Mar-a-Lago, Florida.

Sasa linganisha na msee wa kawaida anayetoka jasho. Kwa Kukkiwon, kutoka dan ya 1 kwenda ya 2 unangoja angalau mwaka 1. Kwenda ya 3 ni miaka 2, ya 4 ni miaka 3, ya 5 ni miaka 4, ya 6 ni miaka 5, ya 7 ni miaka 6, ya 8 ni miaka 8, na ya 9 ni miaka 9. Piga hesabu: hiyo ni miaka 38, na hapo hujahesabu muda wa kutoka mkanda mweupe. Ukipata dan ya 1 ukiwa na miaka 15, dan ya 9 utaiona ukiwa na 53. Hiyo ni kama hujawahi feli mtihani hata mara moja.

Kwa hivyo ukipatana na jamaa wa miaka 32 anasema yeye ni dan ya 9 ya taekwondo, kuna njia tatu tu. Ama alipewa ya heshima kama Putin na Trump, ama ametoka kwa chama kingine chenye hesabu zake, ama amejipea mwenyewe usiku akiwa kwa keja. Muulize ni gani kati ya hizo tatu. Hiyo si dharau, ni hesabu ya darasa la tano.

Sensei hajiiti Sensei

Hapa ndipo wengi tumepotea. Sensei si cheo cha karate. Ni neno la kawaida la Kijapani, na ukilivunja linamaanisha aliyezaliwa kabla, yaani aliyekutangulia kwa hii njia. Kule Japani daktari anaitwa sensei, wakili anaitwa sensei, mwanasiasa, mwalimu wa chekechea, hata yule anachora manga. Kama wewe ni mtu wa anime, unakumbuka Naruto na wenzake vile wanamuita Kakashi-sensei. Jina linatangulia, heshima inafuata.

Lakini Mjapani mwenyewe hajitambulishi hivyo. Akikusalimia atasema yeye ni Tanaka, basi. Wanafunzi wake ndio watasema Tanaka-sensei. Kujiita sensei ni kama kupiga simu useme, "Hallo, hapa ni Mheshimiwa anaongea." Sawa, Kenya tuko nao wa hivyo, na tunajua vile tunawacheka wakikata simu.

Wakorea wameifunga kabisa ndani ya lugha. Mwalimu wa taekwondo ni sabum, na mwanafunzi akimuita anaongeza nim, sabumnim. Mwenye gym ni kwanjang, mwanafunzi anasema kwanjangnim. Hiyo nim ndiyo heshima, na mtu hajiwekei nim mwenyewe. Ukiona ukurasa wa Facebook umejiita "Sabumnim fulani", ujue mwenyewe hajafunzwa hiyo lugha anayoitumia kukutisha.

Na Sifu? Hii tulijulia kwa vibanda vya video, kitambo DJ Afro akitafsiri kung fu na wazee wenye ndevu nyeupe. Kwa Kikantoni sifu ya kung fu inabeba maana ya mwalimu na baba pamoja. Kwa Kimandarini ni shifu, na kuna shifu nyingine inayotamkwa vile vile ambayo Wachina wanaitia dereva wa teksi, fundi bomba na mpishi. Hiyo ni fundi yetu kabisa. Mtaani hakuna mtu anasomea kuitwa fundi. Unatengeneza friji ya jirani, inakubali, watu wanaanza kukuita fundi. Ikikataa, wanakuita majina mengine.

Vyeo ambavyo kweli vina masharti

Si kusema vyeo vyote ni hewa. Kuna vile vina mtihani na vina mwenyewe.

Huko Japani kuna ngazi tatu zinaitwa Renshi, Kyoshi na Hanshi. Zilipewa nguvu na Dai Nippon Butoku Kai, chama kilichoanzishwa Kyoto mwaka wa 1895. Kwenye kendo bado ziko hadi leo: Renshi uwe na dan ya 6, Kyoshi dan ya 7, Hanshi dan ya 8. Na hiyo dan ya 8 si mchezo. Lazima uwe umefika miaka 46, na wanaopita mtihani ni kama mmoja kwa kila mia. Watu wanarudia huo mtihani hadi uzeeni.

Shihan ni mwalimu wa kuigwa. Kwa aikido ya Aikikai, neno hilo linaanzia dan ya 6 kwenda juu. Soke ni mkuu wa mtindo mzima, anayerithi shule kutoka kwa aliyemtangulia. Kwa mtindo mmoja Soke huwa mmoja, vile mji unakuwa na mwenye mji. Ukikuta estate moja ina Soke watatu, na kila mmoja ameanzisha mtindo wake 2019, hapo shtuka.

Master na Grandmaster nazo zinategemea nyumba unayotoka. Kwa taekwondo ya ITF, chama kilichoanzishwa 1966, dan ya 1 hadi 3 ni msaidizi wa mwalimu, 4 hadi 6 ni mwalimu, 7 na 8 ndiyo Master, na 9 ndiyo Grandmaster. Lakini kwa gym nyingi za taekwondo ile ya Olimpiki, watu wanaanza kuitwa Master wakifika dan ya 4. Mchezo una jina moja, neno ni moja, lakini kati yao kuna miaka zaidi ya kumi. Ndio maana kumuuliza mtu "wewe ni Master?" haikusaidii. Uliza ni Master wa chama gani.

Na black belt yenyewe? Dan ya kwanza Wajapani wanaita shodan, na hiyo sho ni mwanzo. Yaani umemaliza kujua herufi, sasa anza kusoma. Mfumo wenyewe pia si wa zama za kale vile sinema zinatudanganya. Jigoro Kano alianzisha judo mwaka wa 1882, na dan zake za kwanza zikatoka mwaka uliofuata. Karate ikafuata 1924, Gichin Funakoshi alipotoa dan zake za kwanza. Msee akikuambia cheo chake kimetoka kwa watawa wa miaka elfu mbili iliyopita, mwambie akuonyeshe risiti.

Kwa nini hii kitu inaweza kukuumiza

Kuna mambo mawili hapa, na moja ni mbaya kuliko nyingine.

La kwanza ni mwili wako. Aprili 2017 huko Chengdu, Uchina, mpiganaji wa MMA Xu Xiaodong alikutana na Wei Lei, aliyejiita bingwa wa tai chi. Pigano halikumaliza sekunde 20, bingwa akawa chini. Mei 2020, Ma Baoguo, mzee aliyejiita master, aliangushwa mara tatu kwa sekunde kama 30 na mpiganaji wa kawaida. Intaneti ya Uchina ikamgeuza meme mwaka mzima. Hao angalau walipigwa ulingoni, refa akiwa hapo. Binti wa yule mathe atajua mwalimu wake alikuwa hewa akiwa kwa kichochoro saa mbili usiku, na mbele yake hakuna refa.

La pili ni mamlaka. Kwa dojo, cheo kinafanya watu wainame. Unapiga magoti, unasema ndio, haujibu. Hiyo nidhamu ni nzuri ikiwa mikononi mwa mtu mzuri. Ikiwa kwa mtu mbaya, cheo kinakuwa ukuta. Mtoto anaambiwa Sensei hakosolewi. Mzazi anaambiwa asiingie ndani, ati atavunja mafunzo. Gredi inapanda bei na hakuna anayeuliza, juu nani atamuuliza Grandmaster?

Kumbuka ile sinema ya Karate Kid ya 1984. Vijana wa Cobra Kai wanapiga kelele ya Sensei kila sekunde, na mwalimu wao anawatuma wavunje mguu wa mtoto mwenzao. Upande wa pili kuna mzee anayepogoa miti midogo na kumtuma Daniel apake rangi ua. Daniel anamuita Mr. Miyagi tu, mwanzo hadi mwisho. Na sote tunajua ni nani hapo alikuwa mwalimu.

Kwa hivyo mzazi, mtoto akisema kuna kitu hapendi huko kwa mazoezi, msikize yeye kwanza kabla ya cheo. Namba ya simu ya kusaidia watoto Kenya ni 116, na ni ya bure.

Lakini tusiwaonee walimu wa mtaa

Sasa kuna upande mwingine, na lazima usemwe. Kuna makocha kibao hapa kwetu wanafunza kwa social hall na viwanja vya kanisa, sakafu ya simiti bila mikeka, na wanafunza fiti. Cheti cha ng'ambo kinalipwa kwa dola. Ugomvi wa vyama nao unaweza kumwacha mwalimu nje miaka mingi bila kosa lake. Msee wa hivyo anaweza kuwa amekwama dan ya 2 kwa karatasi, na bado akamshinda Grandmaster wa bango kwa kila kitu.

Kukosa cheti kikubwa si utapeli. Utapeli ni kujivika ambacho hukupewa, halafu ukitoze watu pesa. Hii nchi tunaijua vizuri hiyo tabia. Mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilisema imepata watu zaidi ya 2,000 kwa ofisi za umma wakiwa na vyeti feki. Kama karatasi ya daraja la kazi inaweza kuchongwa River Road, mkanda ni nini?

Uliza hivi kabla ulipe

Moja: Nani alikupa hiyo dan, mwaka gani, na kwa chama gani? Mwalimu wa ukweli anajibu hii bila kukasirika. Wengi hata wanafurahia, juu ni nafasi ya kumtaja mwalimu wao.

Mbili: Cheti kiko na namba? Vyeti vya Kukkiwon vina namba, na tovuti yao ina mahali pa kucheki. Hii ni muhimu sana kama ndoto yako ni kufika mahali Faith Ogallo alifika, kuvaa rangi za Kenya kwa taekwondo Olimpiki ya Tokyo. Huko mkanda wa kujipea haukufikishi hata uwanja wa ndege.

Tatu: Chama chenu kimesajiliwa? Sheria ya Michezo ya 2013 inataka mashirika ya michezo yajisajili kwa Msajili wa Michezo.

Nne: Naweza kukaa nitazame mazoezi wiki moja bila kulipa? Angalia vile anaongea na mwanafunzi aliye chini kabisa. Angalia kama wale wa zamani wanapigana kweli na mtu anayekataa kuanguka, ama wanaruka tu kabla ya kuguswa.

Tano: Gredi ni pesa ngapi na kila baada ya muda gani? Ukiahidiwa black belt kwa miezi sita, unanunua kitambaa.

Na ukishapata mwalimu mzuri, muite Sensei, Sifu ama Sabumnim vile wenzako wanamuita. Usione noma kuinama, hiyo heshima ni yake na ni wewe unampa. Akijiita mwenyewe kwa herufi kubwa kwa bango la mita tatu, kumbuka wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Huko mtaani kwenu mwalimu wenu anaitwaje, na ni nani alianza kumuita hivyo?