Mashairi si Porojo

Wapo wanaowakataza watoto mashairi kwa kushika aya za mwisho za Suratush-Shuaraa. Wasome mpaka tamati: hawalaumiwi walioamini, wakatenda mema, wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Na Hassan bin Thabit alimtetea Mtume (S.A.W.) kwa mashairi.

Mtazameni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu kwa waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Gerezani akatunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni (hebu fikiria!), na mwaka 1973 tungo zile zikachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Humo mna jipu linalouma, mna mamba, mna ndugu wanaogombea mnazi. Vitu vya kawaida tu, lakini msomaji hakukawia kufahamu kwamba habari ni ya utawala.

Sisi chuoni tunawafundisha watoto kasida za Maulidi, basi. Mimi huwaambia watunge pia juu ya mvua iliyokosekana, bei ya unga na diwani asiyeonekana. Mzazi mmoja akanilalamikia kuwa hiyo ni siasa. Naam, ni siasa. Na ubeti mzuri kuliko yote aliuandika mwanawe, kuhusu foleni ya maji.