Macho ya Watu na Jukwaa Tupu



Je, macho ya watu humjenga mwanamichezo au humbomoa? Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza kwamba kutazamwa humwongezea nguvu aliyekwisha kulizoea jambo, bali humvuruga yule ambaye bado anajifunza.

Basi mtazamaji ana wajibu. Kijana wa hapa Misima anayejifunza mpira, akizomewa kwa kila kosa, miguu yake huzidi kuwa mizito, na pengine asirudi tena uwanjani. Ndivyo ilivyo pia kwa msomaji mpya wa masomo kanisani anayechekwa kwa kukosea neno. Kumzomea mwanagenzi ni kumfungia mlango wa kukua.

Lakini mchezaji naye asiishi kwa makofi. Mwaka 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki huko Mexico City, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti. Aliendelea hata akamaliza, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Makofi ya umati hayakumfikisha. Alifikishwa na wajibu aliotumwa na nchi yake.

Bwana wetu alitufundisha kusali na kutoa sadaka mbele ya Baba aonaye sirini. Tuwatie moyo wanaojifunza, nasi tutende mema hata jukwaa likiwa tupu.