Nyama ya Saa Sita, Mboga ya Mangaribi

Msishangae kuona mchungaji anaingia jikoni. Neno la mwezi huu nimelijifunza kwa maumivu ya watoto wangu mwenyewe.

Sisi watu wa ziwa, mboga yetu ni ndagala na sombe. Nyama ya ng'ombe ni ya siku kubwa, ama ya siku baba anarudi kutoka machimbo ya Misisi na feza mfukoni. Noeli moja tulioka kipande kikubwa. Tulikula mangaribi, ikabaki karibu nusu. Mama wa nyumba akaniambia, "Papa, tuirudishe kwa moto." Nikajibu, "Ifunike tu, makala ni bei." Asubuhi watoto wakaila. Kufika saa sita, watatu walikuwa wanatapika na kuharisha. Tuliokoa makala kidogo, tukalipa dawa nyingi.

Sababu ni joto letu. Chakula kilichopikwa kikikaa nje muda wa zaidi ya saa mbili, vijidudu vinazaana. Vingine vinaacha sumu ambayo hata kuchemsha tena hakuiondoi.

Basi mama, oka nyama mchana, si usiku. Chukua kilo 2 za paja, kipande kizima. Paka chumvi, kitunguu saumu na pilipili. Mafuta yakishika moto, geuza nyama mpaka ipate rangi pande zote. Tia kikombe cha maji, funika, punguza moto wa mbabula, weka makala machache ya moto juu ya kifuniko. Muda wa saa mbili hivi, uma utaingia bila kazi. Iache robo saa, kisha kata.

Mbele ya kugawa, toa sehemu ya mangaribi. Usingoje kuona kitakachobaki, kwani mbele ya watoto hakibaki kitu! Ikatekate, uitie mara moja katika nyanya na vitunguu, ama katika sombe yenye mawese. Iache juu ya moto mdogo, iendelee kutoa mvuke mpaka saa ya bugali. Sahani moja imekuwa meza mbili.

Mwenye friji aiweke ndani mapema, aimalize kwa siku 3, na aichemshe vizuri kila mara. Asiye na friji asioke yote: nyama mbichi inayozidi aikate nyembamba, aitie chumvi, aikaushe kwa moshi. Nanyi vijana mnaojipikia machimboni, hili ni lenu pia.

Yesu alipolisha watu 5.000, aliagiza vipande vikusanywe, vikajaa vikapu 12. Yeye aliyeweza kuongeza mikate hakukubali ipotee. Lakini vilikusanywa palepale, havikungoja asubuhi.

Baba, mama akisema "turudishe kwa moto," umsikilize. Mimi sikusikia.

Bwana abariki meza zenu.