Fremu ya Chuma na Nyumba za Bei Nafuu: Majibu kwa Madai Matano

Kila inapopendekezwa kujenga ghorofa za makazi kwa fremu ya chuma, iwe Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, pingamizi huwa zilezile: chuma ni ghali, kitaliwa na kutu, nyumba itakuwa tanuri, moto ukizuka itaanguka, na mafundi hatuna. Baadhi ya madai haya yana ukweli ndani yake, na pale ulipo nitaukubali. Lakini yakiachwa bila kujibiwa, yanawanyima wapangaji wa miji yetu njia ya ujenzi wanayoihitaji sana.

Mifumo ninayoizungumzia ni miwili. Upo wa nguzo na mihimili mizito inayofungwa kwa bolti, unaofaa majengo marefu. Upo pia wa vyuma vyepesi: bati lenye zinki, unene wake takriban milimita moja, linalokunjwa na mashine kuwa umbo la herufi C. Mashine hiyo husoma mchoro kutoka kwenye kompyuta, hukata kila kipande kwa kipimo chake, hutoboa matundu ya skrubu na ya kupitishia nyaya za umeme, kisha hukiandika namba. Fundi akifika saiti, kazi yake ni kuunganisha namba kwa namba.

Dai la kwanza: "Chuma ni ghali kuliko zege."

Kwa kilo, ni kweli. Lakini hakuna familia inayonunua nyumba kwa kilo. Slabu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa takriban kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya vyuma vyepesi haifiki hata theluthi ya uzito huo. Jengo likiwa jepesi, nguzo zinapungua na msingi unapungua, na penye ardhi laini msingi humeza fedha nyingi kabla tofali la kwanza halijapangwa.

Kisha uko muda. Nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28, na mirunda haiondolewi mpaka slabu ikomae. Fremu ya chuma hubeba mzigo mara bolti zinapokazwa, na kuta zinaweza kutengenezwa kiwandani huku msingi ukichimbwa. Mkandarasi aliyekopa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka hulipa riba ya takriban shilingi 583,000 kila mwezi. Akimaliza miezi sita mapema, ameokoa shilingi milioni 3.5. Asipoziokoa, anayezilipa mwishowe ni mpangaji. Anayelinganisha bei ya vifaa peke yake, bila riba, msingi wala mirunda, bado hajapiga hesabu ya nyumba.

Dai la pili: "Upepo wa bahari utakimaliza kwa kutu."

Chumvi ya bahari ni adui wa kweli, lakini haibagui. Huingia hata ndani ya zege, ikashika nondo. Nondo ikipata kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, bila mtu kuona mpaka linapomeguka. Bati lenye zinki lina kinga ya ziada: hata likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni huliwa kwanza na chuma kikabaki. Vipande vilivyo ndani ya ukuta mkavu havipigwi na mvua. Vilivyo nje, hasa karibu na ufuo, vinahitaji zinki nene zaidi, rangi ya kinga na ukaguzi wa mara kwa mara. Uingereza, nchi ya mvua na unyevunyevu, ilijenga zaidi ya nyumba 30,000 za fremu ya chuma za aina ya BISF baada ya Vita Kuu ya Pili, na nyingi zinakaliwa hadi leo.

Dai la tatu: "Nyumba ya chuma ni tanuri."

Anayesema hivi anafikiria kibanda cha mabati matupu, kisicho na dari. Humo bati ndilo ukuta na ndilo paa. Katika nyumba ya fremu, chuma ni mifupa tu: nje kuna ubao wa saruji au tofali, katikati kizuia joto kama pamba ya mawe, ndani jipsamu. Ni kweli kwamba ukuta mwepesi hauhifadhi ubaridi wa usiku kama ukuta mnene wa mawe, na Nairobi hilo lina uzito wake. Dar es Salaam, ambako usiku wenyewe una joto, ukuta usiotunza joto la mchana ni nafuu kwa anayetafuta usingizi.

Dai la nne: "Moto ukizuka, chuma kinalainika."

Kinalainika kweli. Kikifika karibu nyuzi 600 za Selsiasi hubakiwa na takriban nusu ya nguvu yake. Ndiyo maana hakiachwi wazi. Jipsamu ina maji ndani ya chembe zake, takriban moja ya tano ya uzito wake. Ikipata moto hutoa maji hayo kama mvuke na kuchelewesha joto kufika kwenye fremu. Nguzo nzito hupakwa rangi inayovimba kwa joto. Tukumbuke pia Grenfell Tower ya London, iliyoua watu 72 mwaka 2017: mwili wake ulikuwa wa zege na ulibaki umesimama. Moto ulipanda kwa vifaa vilivyobandikwa nje. Usalama hutoka kwenye usanifu na ukaguzi wa jengo zima.

Na hapa, kwenye ukaguzi, ndipo ninapoguswa zaidi. Jengo la Huruma, Nairobi, lilianguka Aprili 2016 likaua karibu watu 50. La Kariakoo, Dar es Salaam, liliporomoka Novemba 2024 likaua zaidi ya watu 20. Zege si baya, ila fundi akizidisha maji kwenye mchanganyiko, udhaifu hujificha. Unene wa kipande cha chuma hupimwa kwa kifaa cha mkononi, na bolti iliyokosekana huonekana kwa macho.

Dai la tano: "Mafundi hatuna."

Kamukunji ya Nairobi na Gerezani ya Dar es Salaam kumejaa watu wanaokata, kukunja na kuunganisha chuma tangu asubuhi hadi jioni. Wanachohitaji ni mafunzo ya kusoma michoro na kufuata vipimo bila kukisia, na vyuo vyetu vya ufundi vinaweza kuyatoa. Ni kweli pia kwamba malighafi nyingi ya chuma huagizwa nje. Lakini ghorofa la zege nalo limejaa nondo.

Chuma hakitashusha bei ya kiwanja wala kuzuia tamaa ya mwenye nyumba. Kinaweza kupunguza muda, uzito na kazi mbovu, na hayo matatu ni fedha na ni uhai. Kaunti na halmashauri zinapotangaza zabuni za nyumba nafuu, zidai bei ya nyumba iliyokamilika, riba na muda vikiwemo, kisha ziache chuma na zege vishindane kwa haki.