Madiwani na Mifereji

Kikao cha Baraza la Madiwani cha kila miezi mitatu hakina shamrashamra. Ajenda ni zile zile: kuthibitisha muhtasari, taarifa za kamati, ushuru wa soko, taka, mifereji. Ndiyo maana viti vya wananchi huwa vitupu, ingawa wanaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza.

Tusisahau tulikotoka. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulifuta serikali za mitaa kwa nia ya kuwapelekea wananchi madaraka; kwa kweli yalikwenda kwa watumishi. Mijini taka zilirundikana, mifereji ikaziba, na kipindupindu kikaingia. Halmashauri za miji zikarejeshwa mwaka 1978, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa.

Kwa hiyo diwani anayesinzia taarifa ya mifereji inaposomwa anasinzia juu ya afya za watu. Na mkurugenzi anayegawa makabrasha asubuhi ya kikao anawanyima madiwani nafasi ya kuyasoma. Tungependa kujua anaogopa swali lipi. Mfereji ulioandikwa kuwa umezibuliwa, diwani wa kata hiyo aende akauone kabla ya masika.