Bustani za Mombasa ni soko la mkulima pia

Jumapili alasiri, jua linapoanza kupunguza makali, familia kutoka Kisauni, Changamwe, Likoni na Majengo humiminika Mama Ngina, kwenye ufuo wa kusini wa kisiwa cha Mombasa. Watoto hukimbizana, wazee huketi kutazama meli zikielekea bandari ya Kilindini, na wachuuzi huanza kazi. Mihogo hukaangwa na kutiwa pilipili na ndimu. Madafu hukatwa. Mabuyu, achari na viazi karai hupata wateja hadi usiku.

Wengi huitazama shughuli hiyo kuwa burudani tu. Ukurasa huu unaitazama kwa jicho la mkulima na mfanyabiashara mdogo. Mhogo ule uling'olewa shambani Kwale au Kilifi. Dafu lile liliangushwa na mkwezi aliyelipwa kwa kila mnazi aliopanda. Ndimu, ukwaju, ubuyu na hata kuni na makaa vina mtu aliyevitafuta na kuvisafirisha. Sokoni Kongowea mkulima huuza kwa jumla, na bei huamuliwa na dalali. Bustanini bidhaa hiyo hiyo huuzwa kwa rejareja, pesa taslimu, kwa mtu ambaye hana haraka. Bustani ikifungwa, taa zikizimika au choo kikikosa maji, wateja huondoka mapema, na hasara hiyo hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi shambani.

Kwa sababu hiyo tunasema kuwa usimamizi wa bustani za umma jijini Mombasa ni suala la uchumi, wala si la maua na nyasi pekee.

Mfano mkubwa ni Mama Ngina yenyewe. Ukarabati wake ulizinduliwa mapema mwaka wa 2019, na sherehe za kitaifa za Mashujaa zikafanyika hapo Oktoba 20 mwaka huo huo. Mradi huo uliripotiwa kugharimu takriban Sh460 milioni. Wachuuzi walilazimika kupisha ujenzi. Vijia vilijengwa, taa zikawekwa na sura ya mahali ikabadilika. Hatuna ugomvi na hilo, kwani jiji lenye zaidi ya watu milioni 1.2 kwa hesabu ya sensa ya 2019 linahitaji mahali pa kupumzikia pasipo na kiingilio. Mkaazi wa chumba kimoja Bangladesh au Owino Uhuru hana ua nyumbani kwake. Ua wake ni Mama Ngina, ni Uhuru Garden karibu na Pembe za Ndovu, ni Makadara wakati wa Idd.

Lakini kujenga ni kazi ya miezi, ilhali kutunza ni kazi ya kila siku, na hapo ndipo miradi yetu mingi hukwama. Fedha za ujenzi hupatikana kwa mkupuo, tena na sherehe yake. Fedha za kununua balbu, kuzibua choo, kufagia na kumwagilia maji hazina sherehe, na hazipatikani.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka bustani, fuo na vituo vya burudani vya kaunti chini ya serikali za kaunti. Jedwali hilo hilo likazipa kaunti masoko na leseni za biashara. Kwa maneno mengine, mkono unaotoza ushuru kwa mchuuzi wa bustanini ndio mkono uliopewa jukumu la kuitunza bustani. Hata hivyo, mchuuzi hulipa, hupewa risiti, kisha pesa zake huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti pamoja na ada za maegesho, kodi ya ardhi na mengineyo. Zikishaingia humo hazina jina. Mishahara, madeni na matibabu vyote vinazingoja, na bustani huwa ya mwisho kwenye foleni.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Wachuuzi 100 wakitoa Sh50 kila mmoja kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, zinapatikana Sh1.5 milioni. Vibarua wanne wa kufagia wakilipwa Sh600 kila mmoja kwa siku hizo 300, gharama ni Sh720,000. Inabaki zaidi ya nusu kwa ajili ya taa, maji na vyoo. Fedha hizi si nyingi na haziwezi kujenga ukumbi mpya, ila zinatosha kuifanya bustani iwe na mwanga na isinuke, na mchuuzi hahitaji zaidi ya hapo ili auze.

Wapo watakaosema sheria hairuhusu mapato kubaki yalikokusanywa. Si kweli kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012, kifungu cha 116, inampa waziri wa fedha wa kaunti nafasi ya kuanzisha hazina maalum kwa idhini ya baraza la mawaziri la kaunti na bunge la kaunti. Hospitali za umma nazo zililia kilio hiki hiki kwa miaka, pesa za wagonjwa zikipelekwa makao makuu huku wodi zikikosa pamba. Bunge la kitaifa lilipitisha sheria mwaka wa 2023 inayoziruhusu kubaki na mapato yao na kuyatumia. Kama hospitali inaweza kuaminiwa na pesa zake, bustani nayo inaweza, mradi hesabu zake zikaguliwe na kubandikwa mahali ambapo anayelipa ataziona.

Hatuwatetei wachuuzi kwa kila jambo. Wanaolalamika kuwahusu wana hoja. Mafuta ya kukaangia humwagwa chini ya miti, majiko ya makaa huwekwa juu ya mizizi, na takataka huachiwa upepo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 na ile ya Juni 2020 kuhusu plastiki za kutumiwa mara moja ufuoni na katika maeneo yaliyohifadhiwa bado huvunjwa na wengine bila wasiwasi. Mchuuzi anayetaka haki ya kuuza bustanini sharti akubali nafasi yenye nambari, pipa lake na zamu ya usafi. Pia lazima idadi iwe na kikomo. Meza zikijaa hadi kwenye vijia, mwenye watoto hatarudi, na hapo kila mtu atakosa.

Tatizo ni nani anagawa nafasi hizo. Katika masoko mengi ya nchi hii tumeona vibanda vikichukuliwa na watu ambao hawajawahi kukaanga hata kiazi kimoja, kisha vikakodishwa kwa wachuuzi halisi kwa bei maradufu. Orodha ya waliokuwepo ichapishwe kabla ya matengenezo yoyote kuanza, wala si baadaye. Mama anayeuza mihogo mahali pamoja kwa miaka 15 hana hati, lakini wenzake wanamjua.

Ng'ambo kidogo tu, Unguja, kuna jambo la kujifunza. Bustani ya Forodhani mbele ya Mji Mkongwe ilifanyiwa matengenezo makubwa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni na kufunguliwa upya Julai 2009. Soko la jioni la vyakula lilirudi, na hadi leo urojo, mishkaki, pweza na maji ya miwa ndivyo vinavyomvuta mgeni na mwenyeji mahali hapo baada ya Magharibi. Bila wauzaji hao Forodhani ingekuwa nyasi na viti tu. Wapangaji wetu waone kuwa mchuuzi ni sehemu ya ramani tangu mwanzo, awekewe bomba la maji machafu na taa, badala ya kumchukulia kuwa uchafu wa kuondolewa mgeni mashuhuri anapokuja.

Kuna biashara nyingine bustanini isiyozungumzwa sana, nayo ni ya miche. Kandokando ya barabara za Mombasa, Mtwapa na Ukunda wapo vijana na kina mama wanaootesha miche ya miti na maua katika vifuko na makopo. Hao ndio wangepaswa kuwa wauzaji wa kwanza wa kaunti. Sera ya serikali tangu 2013 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hata hivyo, mara kwa mara maua hutolewa bara, yamezoea ubaridi, na yakifikiwa na upepo wa chumvi huungua majani kabla ya mwezi kwisha. Halafu hununuliwa mengine.

Miti ya kufaa tunaijua. Mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini, huvumilia ukame. Mkungu hutoa kivuli kipana karibu na bahari. Mkwaju huchelewa, lakini hudumu na hutoa mazao. Mibuyu ya Mama Ngina ilikuwapo kabla ya lami. Mvinje nao ulithibitishwa Bamburi, pale mtaalamu René Haller alipoanza mwaka wa 1971 kupanda miti katika machimbo ya saruji yaliyokuwa jiwe tupu la matumbawe. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwemo. Majani yake makavu hayakuoza upesi, hivyo majongoo wakaletwa wayatafune, na udongo ukaanza kujengeka. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Mkulima wa mwambao mwenye shamba la mawe anaweza kuiga hilo bila kumlipa mshauri yeyote.

Wakati wa kupanda nao ni muhimu. Mche uliopandwa Desemba kwa sababu ya sherehe utakutana na ukavu wa Januari hadi Machi, na asiyeumwagilia kila siku atauzika. Masika ya Aprili na Mei hufanya kazi hiyo bure. Zabuni ya miche basi itangazwe mapema, waoteshaji wapate miezi ya kuiandaa, na walipwe kwa wakati. Kikundi cha kina mama 20 hakiwezi kuikopesha kaunti kwa mwaka mzima.

Halafu kuna makumbi. Sehemu kubwa ya dafu ni ganda lake, na kila dafu linalonywewa bustanini huacha mzigo ambao huchukua muda mrefu kuoza. Makumbi hayo hubebwa kwa lori hadi jaani kwa gharama ya umma, ilhali yakikatwakatwa kwa mashine huwa matandazo mazuri ya kuhifadhi unyevu mizizini, na vumbi lake hutumika vitaluni badala ya udongo. Mashine moja ya kukatia, ikimilikiwa na chama cha wauza madafu, ingepunguza taka, ingelisha bustani na ingempa mwotesha miche malighafi karibu. Minazi iliyokufa nayo isiachwe imesimama, ndani ya jiji wala shambani. Magogo yake yanayooza ndimo chonga huzaliana, kisha akaruka kwenda kutoboa minazi ya jirani.

Kuna wanaopendekeza bustani zizungushiwe ua na kutozwa kiingilio ili zijitegemee. Tunapinga. Anayelipa mlangoni hupunguza anachonunua ndani, na asiye na pesa ya mlango haji kabisa. Isitoshe, ardhi ya umma ikishawekewa ua na mlango, hatua inayofuata si ngeni nchini. Nairobi ingekuwa imepoteza sehemu ya Uhuru Park kwa jengo la ghorofa 60 kama Profesa Wangari Maathai asingesimama mwaka wa 1989. Bustani zote za Mombasa zipimwe, hati zake zitolewe kwa jina la kaunti kwa niaba ya wananchi, na ramani zake ziwekwe wazi.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30. Kati ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Katika vikao hivyo viti vya mbele hukaliwa na wanakandarasi na wanasiasa, huku mchuuzi akiwa kazini. Vyama vya wachuuzi wa Mama Ngina, Makadara na Uhuru Garden vichague watu wawili watatu wa kwenda, wafidiwe mauzo ya siku hiyo na wenzao, nao wabebe risiti za ushuru za mwaka mzima na kumwomba waziri wa fedha aonyeshe katika kitabu cha bajeti ukurasa ambao pesa hizo ziliirudia bustani.